Jamiru Amvalisha Sufyan Viatu vya Theluji

"Leo Sufyan asikukute wewe hapa," nilimwambia Jamiru. "Mwombe msimamizi akuhamishie upande wa sleji, kule watoto wanakoteleza wameketi. Nakuomba."

Hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya rafu za kukaushia viatu, pale mashine inapopuliza hewa ya moto kutwa na harufu ya soksi za dunia nzima inapolala, akikaza skrubu ya ubao mmoja wa kutelezea theluji. Hapo ndipo palikuwa petu. Si pazuri. Lakini katika ukumbi wote ule wa theluji, wenye vioo kila upande na kamera kila pembe, ni hapo tu mtu aliweza kumtazama mwenzake mpaka akatosheka.

"Siku ya Ijumaa, Khairi? Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Msimamizi atanicheka."

"Basi sema unaumwa."

"Kuumwa naumwa," alisema, sasa akaniangalia. "Lakini si ugonjwa wa kupewa ruhusa."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Jamiru alikuwa na macho ambayo hayakujua kuficha. Wenzetu wa Kampala wengine hukutania mpaka usijue wanachotaka, lakini huyu, akikutaka, unakiona kitu hicho kimekaa usoni pake kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Atakuja na nani?" aliuliza.

"Na Arwa. Na Bi Khairunisa. Anataka jibu leo kabla ya Magharibi. Keshokutwa wanarudi Mombasa."

"Na jibu unalo?"

Mashine ikaendelea kupuliza.

Jibu nilikuwa nalo tangu siku Jamiru alipopeleka posa. Alikwenda dukani kwa kaka yangu Nassor, hapa hapa Dubai, kule Al Ras, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na bakuli la halua mkononi. Nassor alimketisha kati ya magunia ya iliki na ndimu kavu, akamnywesha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole: kijana ni Mwislamu, ana kazi, ana adabu, mimi sina neno. Lakini mtoto je?

Mtoto ni Arwa wangu. Baba yake, Amour, alifariki kabla binti hajajua kutembea. Mimi nikaja Dubai kutafuta, nikamwacha kwa mama yangu Kibokoni, Mombasa. Mama naye alipofariki, Arwa akahamia kwa bibi yake wa upande wa baba, Bi Khairunisa. Na kwetu, wazee wana neno lao. Mjane akikaa bila mume, mtoto ni wake. Akiolewa na mtu baki, asiye wa damu ya marehemu, mtoto hubaki kwa kina baba. Bi Khairunisa aliapa hivyo mbele ya Nassor. Njia ya kuolewa na mtoto nikabaki naye ilikuwa moja tu, niolewe na ami yake, Sufyan. Sufyan ana nyumba Al Mankhool, ana kazi inayomruhusu kuishi na familia. Mimi ninalala kitanda cha juu katika chumba cha wafanyakazi wa kike, ambako mtoto haruhusiwi. Nikimkubali, Arwa hatarudi Mombasa. Nikimkataa, Jumapili nitamsindikiza mwanangu uwanja wa ndege, na baada ya hapo nitakuwa mama wa kwenye simu.

"Nitamhudumia," Jamiru alisema, akainuka na kujifuta magoti. "Ni mteja. Akikaa benchini kwangu, ni mgeni wangu."

"Moyo wako wa chuma wewe."

"Ungekuwa wa chuma," alisema, "nisingekuwa huku nyuma nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa tangu asubuhi."

*

Walikuja baada ya swala. Sufyan alitangulia, mtu wa kifua na kitambi, bado yuko ndani ya kanzu, Arwa amemshika kidole. Nyuma yao Bi Khairunisa, buibui lake na shali mbili juu yake, akitembea polepole kama anayeingia nyumba ya msiba.

"Shemeji!" Sufyan aliita kutoka mbali, watu wakageuka. "Tumekuja kuiona hiyo barafu inayokulisha!"

"Karibuni, shemeji. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Khairunisa alikitazama kizibao changu chekundu cha kazi, akatazama suruali nene, akazivuta shali zake.

Nilimbusu Arwa. Alikubali kubusiwa kama watoto wanavyokubali dawa. Siku zote alizokaa Dubai alikuwa hivyo, mpole, mtiifu, hacheki. Tangu bibi yake wa Kibokoni afe, mwanangu alikuwa hacheki. Nilimnunulia mdoli, akanishukuru. Nikampeleka kuona chemchemi za maji, akazitazama, akaniuliza tutaondoka saa ngapi.

"Huyu bibi kaniambia nikipanda ubao atanipenda," Sufyan alisema, akimwonyesha Arwa. "Si zile fimbo mbili, hapana. Ubao! Basi nipeni ubao kabla sijabadili nia."

"Vua viatu nikupime mguu."

Akavua. Ndani mlikuwa na soksi za sufi, na ndani ya soksi hizo mlikuwa na soksi nyingine, na suruali ya pajama imeingizwa humo humo.

"Shemeji! Ndiyo nini hii?"

"Mama kasema huko ndani ni friji."

"Ni friji," Bi Khairunisa alisema. "Nani kakwambia si friji?"

Nilimpeleka benchini mwenyewe. Ningeweza kumwelekeza kwa kidole, maana foleni ilikuwa ndefu na watu wananiita "madam, madam" kila upande. Lakini nilitaka niwepo. Sijui kwa nini. Labda nilidhani kama nitakuwepo, kitu kitatokea.

Jamiru alisimama. Walipeana mikono.

"Assalaam alaykum, mzee."

"Waalaykum salaam, yakhe. Nifanye mtu wa theluji."

Jamiru alipiga magoti mbele yake, ndiyo kazi ilivyo, akaanza na soksi. "Moja tu, mzee. Ukivaa mbili zinajikunja ndani, damu haipiti, mguu unakufa ganzi kabla hujafika juu. Kiatu chenyewe ndicho chenye joto." Akazivua zile za sufi, akazikunja vizuri, akaziweka kando kama amana. "Unaweza kuinama?"

"Kuinama? Mgongo wangu niliuacha bandarini Deira, chini ya marobota ya nguo. Hata kucha za miguu nakatiwa."

"Na mimi," Bi Khairunisa alisema. "Na uzee huu."

Jamiru alitabasamu kidogo. "Basi mbao za mikanda ya kawaida si zako. Hizo kila ukifika juu unakaa kwenye theluji, unainama, unakaza mkanda wa kifundoni, unakaza na wa vidoleni. Mwenye mgongo mbovu analia. Nitakupa baindingi za kuingia haraka." Baindingi ndivyo tunavyoviita pale kazini vile vyombo vya plastiki na chuma vinavyokishika kiatu juu ya ubao. "Ziko aina mbili. Tazama."

Akaweka mbao mbili sakafuni.

"Hii haina mkanda wowote juu. Kiatu chake kina vyuma, huku kisiginoni na hapa pembeni. Unakanyaga, ta! Unakanyaga tena, ta! Umeshikwa."

"Hiyo hiyo! Khalas. Nakanyaga kama breki ya lori."

"Ngoja kwanza. Hii inataka kiatu chake mwenyewe, haichanganyi na kingine. Na viatu vyake tulivyo navyo vimetengenezwa vyembamba. Sasa mguu wako..."

"Sema tu usiogope. Mguu wangu mkate wa mofa."

"Ni mpana," Jamiru alisema kwa heshima. "Utaumia kabla hujateleza. Mimi ningekuchagulia hii ya pili. Ona, mgongo wake unalala nyuma, hivi. Mguu unauingiza kwa nyuma kama unavyovaa ndara. Mikanda hii ya juu nitaipima mara moja kwa mguu wako, baada ya hapo huigusi tena. Unainua mgongo, unashusha leva hii, kishikio hiki cha nyuma, imefunga. Kiatu chochote kinaingia. Ni nzito kidogo, sikudanganyi, lakini haitakutesa."

"Ingekuwa yako ungechukua ipi?"

"Mimi bado nina mgongo, mzee. Mimi nafunga mikanda."

Sufyan alicheka kicheko chake kikubwa. Nilimtazama Jamiru, nikamtafuta yule wa nyuma ya rafu, sikumwona. Alikuwa fundi tu, akipima mikanda kwa vidole vyake virefu, akivuta tundu moja, akilegeza. Vidole vile nilivijua. Nilitaka vikosee.

"Haya, ingiza mguu. Ule wa kushoto, ndio wa mbele."

"Bismillahi," Sufyan alisema, akainua wa kulia.

"Wa kushoto, mzee."

Sufyan akaushusha, akainua tena ule ule wa kulia. Akasimama hivyo, mguu hewani, kama jogoo.

"Kushoto?" Bi Khairunisa alisogea. "Mwanangu tangu mdogo havai kitu akaanza na kushoto. Marehemu baba yao alikuwa akiwacharaza. Ukivaa, kulia. Ukivua, kushoto."

"Mama, hapa si msikitini."

"Mguu ni ule ule."

Sufyan aliona haya. "Ni mazoea, yakhe. Mwili umezoea, hausikii."

Mtu mwingine angesema, hapa ndivyo tunavyofanya. Wangapi nimewasikia wakisema hivyo! Jamiru alisema, "Na sisi kwetu mzee alitufunza vivyo hivyo. Simama kidogo. Funga macho." Akazunguka nyuma yake.

Nilimwona Jamiru amesimama nyuma ya mgongo wa Sufyan, mikono ameiinua. Kisha akamsukuma, kidogo tu, kama unavyosukuma mlango wa chumba alicholala mtoto. Sufyan aliyumba mbele, na mguu uliotangulia kumshika ulikuwa wa kulia.

"Umeona? Mguu wako wa mbele ni wa kulia kweli. Mama ana haki. Ubao ndio uliokosea."

Akachukua bisibisi. Akafungua skrubu zote, akang'oa baindingi zote mbili, akazigeuza, akaanza kuzifunga upya, pembe kwa pembe, ubao mzima ukaelekea kulia kwa ajili ya mtu mmoja. Foleni inangoja. Watu wanapiga miluzi. Yeye amepiga magoti pale, anageuza.

Nilirudi kwenye kaunta yangu macho hayaoni. Nikampa Mhindi mmoja viatu vya mkewe.

Nilipopeleka kofia ya chuma ya Sufyan, nilikuta Bi Khairunisa amekwisha kumpeleka Arwa kwenye meza za nyuma ya kioo, kwenye joto. Wanaume wawili walikuwa peke yao. Sufyan alikuwa akilisoma jina kwenye kifua cha Jamiru.

"Jamiru wa Kampala?"

"Wa Kampala."

"Uliyekwenda kwa Nassor na halua?"

Bisibisi ikasimama. "Ndimi."

"Ile halua niliila mimi," Sufyan alisema. "Nassor alinipa, nami sikuwa najua ya nani. Ilikuwa nzuri." Hakuna aliyecheka, hata yeye. "Na sasa unanigeuzia ubao."

"Umekaa benchini kwangu."

"Lo!" Sufyan alijipangusa uso, na uso ulipotoka chini ya kiganja ulikuwa mwingine, umechoka. "Sikiliza. Mimi sikuomba haya. Nilikuwa na mtu wangu Malindi, anaitwa Ikhlas. Nimemwambia asiningoje. Amour alinishika mkono hospitali, akaniambia, mtoto. Hakusema neno jingine, mtoto tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Jamiru alimwingiza mguu kwa nyuma, wa kulia, akainua mgongo wa baindingi, akashusha leva. Ta.

"Inua kisigino. Kinapanda?"

"Hakipandi."

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza."

"Basi," Jamiru alisema. "Umepata."

*

Ndani ya theluji baridi hukuingia kwanza puani. Nilipewa dakika za kupumzika, nikamchukua Arwa kwa bibi yake, nikasimama naye kwenye uzio chini ya mteremko, yeye ndani ya koti linalomfika magotini. Jamiru alikuwa amempandisha Sufyan mahali padogo tu, pa wanaoanza.

Tulimsikia akimfundisha. "Kabla hujafunga, pangusa theluji hapa nyuma kwa mkono. Ikijaa humo, leva haiingii mpaka mwisho. Usiyaamini macho. Inua kisigino, ndipo uamini."

"Nimepangusa!"

"Hujapangusa, mzee."

"Yalla, niache, nimeshika!"

Akajisukuma. Alikwenda vizuri, wallahi, alikwenda kama mtu anayejua, mikono ameitandaza, uso mzima umejaa fahari. Halafu kisigino cha nyuma kikachomoka, leva ikaruka wazi, mguu mmoja ukabaki kwenye ubao na mwingine ukaenda zake, na Sufyan akakaa chini kwa kishindo, akateleza kwa makalio mpaka miguuni petu, kofia imemfunika macho.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Nilidhani ni mtoto wa watu. Nikatazama chini.

Arwa alikuwa anacheka. Alicheka amejishika tumbo, alicheka mpaka akakosa pumzi. "Ami! Ami, umeanguka kama gunia!" Akapita chini ya uzio, akamrukia kifuani, wakaanguka tena wote wawili, na Sufyan badala ya kuinuka akajilaza, akaanza kulia kwa sauti ya uongo, "Mgongo wangu! Mkate wangu wa mofa!" na mwanangu akazidi kucheka.

Nililia. Machozi yalikuwa ya moto mpaka yanaunguza. Mwanangu amecheka, na aliyemchekesha ni Sufyan.

Jamiru alikuja kusimama upande wa pili wa uzio. Alivua glavu, akazivaa, akazivua.

"Umesikia," alisema.

"Sikusikia kitu."

"Khairi. Mtoto amecheka."

"Atacheka na wewe! Mzoee, akuzoee, atacheka."

"Lini? Jumapili anaondoka."

"Basi nipiganie!" Nilisema kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwangu kulikuwa kelele. "Mwanamume gani wewe? Mtu anakuja kunichukua, wewe unampimia mikanda! Unamgeuzia ubao! Ungemwacha hivyo hivyo na kushoto kwake, aanguke, avunjike!"

"Halafu?"

"Halafu... halafu sijui!"

"Angevunjika, angepona. Angepona akiwa ami yake Arwa, na mimi ningekuwa bado mtu baki. Banange, Khairi, unadhani sikulifikiria? Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nililifikiria."

"Twende zetu. Tufunge ndoa, waje watukute tumekwisha."

Watoto wa sleji walipita wakipiga kelele, akangoja wapite.

"Mama yangu alimfuata mwanamume Mbale," alisema. "Mimi akaniacha kwa shangazi. Yule mwanamume hakuwa mbaya. Nilipokua nikaenda kumwona, alinichinjia kuku, alinipenda. Lakini nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa mlangoni kwa shangazi, na kila pikipiki iliyopita nilisimama kuitazama. Siwezi kuwa mwanamume huyo, Khairi. Hata kwako. Utakuwa unanipakulia chakula huku unamsikiliza Arwa. Na mimi nitakuwa nakuona."

"Kwa hiyo ndiyo hivyo? Umeniacha?"

"Sijakuacha," alisema. "Ningejua namna ya kukuacha nisingekuwa nimesimama hapa."

Hatukuweza kugusana, mbele ya kamera zile na watu wale na yule mama nyuma ya kioo. Alinyoosha mkono, akanipangusa theluji begani, mara moja, kama anavyompangusa mteja yeyote. Kisha akaenda kumwinua Sufyan.

*

Bi Khairunisa alikuwa na chai mbele yake, hajainywa. Arwa aliingia nami, mashavu mekundu, akapewa kikombe cha chokoleti ya moto, akakimbilia kusimama kwenye kioo.

"Kaa," Bi Khairunisa aliniambia.

Nikakaa.

"Ndiye yule, siyo? Usinidanganye, Nassor hakunificha. Na hata angenificha, nina macho. Nimeona ulivyosimama pale usoni huna damu."

"Ndiye, mama."

Alikizungusha kikombe. Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili. Ningepata wa kumchukia.

"Kijana mzuri," alisema. "Kampigia magoti mwanangu na hakumtupia hata jicho baya. Kamgeuzia ule ubao wake. Angekuwa mwovu ningelala usingizi, Khairiya. Nimekuja huku nikimwomba Mungu anionyeshe kasoro yake, hata ndogo, sikuiona."

Kitu kikaruka kifuani pangu. "Basi, mama! Basi kwa nini? Mwache Arwa aje kwangu, Jamiru atampenda, atamlea kama..."

"Kama nani?"

Nikakitazama kikombe chake.

"Nilimzaa Amour, nikamzika. Kilichobaki cha Amour duniani ni pua ya yule mtoto. Wewe unaiona? Mimi kila asubuhi naiona. Nikifikiria inalala nyumba ya mtu ambaye hakumjua Amour, hakuwahi kula naye, hajui alivyokuwa akicheka, mwili wangu wote unakataa. Nimejitahidi. Usidhani sijajitahidi. Siwezi, mwanangu." Hakuwa analia. Alisema tu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wake kwa daktari. "Sikushiki kwa nguvu. Wewe ni mtu mzima, ndoa ni ya moyo wako. Ukimtaka yule, mchukue, mimi sitakulaani. Jumapili nitaondoka na Arwa. Utampigia simu."

"Na Sufyan? Ana mtu wake Malindi, mama. Unajua?"

"Najua." Alivuta shali mabegani. "Nyote mna watu wenu. Mimi nina yule mtoto."

Nilitafuta neno. Nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, nikipapasa kila mara pahali pale pale. Nilimfikiria mwanangu katika nyumba ya Al Mankhool, akiamka asubuhi nikimsuka nywele kabla ya shule. Nilifikiria rafu za viatu, hewa ya moto, macho yale yasiyojua kuficha. Nilijaribu kuviweka vitu viwili hivyo mahali pamoja, na kila nilipokiweka kimoja, kingine kilianguka.

Nje ya kioo, walikuwa wamepanda tena. Safari hii juu zaidi. Pale kazini sheria ni kwamba mwanafunzi wa siku ya kwanza hushuka na yule yule aliyemfunga. Jamiru aliipangusa theluji nyuma ya kila mguu wa Sufyan kwa mkono wake mwenyewe, akashusha leva, akamwambia ainue visigino. Kisha akajifunga mikanda yake, akasimama mbele yake, uso kwa uso, akamshika mikono yote miwili. Wakaanza kushuka. Sufyan anakuja mbele, Jamiru anarudi kinyumenyume, haoni aendako, anamtazama yeye tu na kumwambia maneno ambayo sisi hatukuweza kuyasikia.

"Mama," Arwa alisema, pua imebanwa kwenye kioo. "Nani yule anayemshika ami?"

Bi Khairunisa aliacha kukizungusha kikombe.

Jina lake lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nililihisi, lina uzito wake. Nikalimeza.

"Ni fundi," nilisema. "Fundi wa hapa."

"Anaitwa nani?"

"Wako wengi, mwanangu. Siwajui wote."

Bi Khairunisa hakuniuliza tena jibu langu. Aliuchukua mkono wangu, uliokuwa bado na baridi ya nje, akauweka mapajani pake, akaufunika kwa shali. Kule kwenye theluji Jamiru aliuachia mkono mmoja wa Sufyan, halafu akauachia wa pili, akajiondoa njiani. Na Sufyan akaendelea kuja peke yake, mikono ameitandaza, anacheka, moja kwa moja kuelekea kwenye kioo chetu.